Saa Moja ya Usiku, Bangkok

Mama mwenye nyumba ya wageni alituinulia kidole kimoja. Tulikuwa tumetoka uwanja wa ndege muda si mrefu, mashanta yangali mgongoni na jasho likitutiririka, naye alikuwa anajitahidi kutueleza, kwa Kiingereza chake kidogo kilichokutana na Kiingereza chetu cha shule, kwamba chakula cha jioni jikoni kwake huwa tayari "moja, usiku". Mume wangu, ambaye hasafiri bila daftari la ratiba na huandika humo hata bei ya maji, aliandika saa saba usiku, kwa kuwa ndivyo alivyozoea kuzigeuza saa za wageni: ukiambiwa moja kwa Kiingereza, kwetu ni saba. Akaninong'oneza kwamba watu wa huku hula usiku wa manane. Mimi nilikuwa nimekwisha kuona sufuria ya wali ikipakuliwa kule nyuma, na nje mwanga wa jua ndio kwanza ulikuwa unamalizikia juu ya mabati.

"Baba Rehema," nikamwambia, "huyu mama anasema saa moja."

Na kweli alisema saa moja. Mjukuu wake, binti wa sekondari, alikuja kutuandikia kwenye karatasi. Wathai wanazo saa za kimataifa zinazobandikwa kwenye vituo vya treni na viwanja vya ndege, lakini mdomoni wana hesabu yao ya tangu zamani, inayoikata siku vipande vinne vya saa sita sita. Saa moja ya usiku wanaiita nueng thum, saa mbili ni song thum, na huendelea hivyo hadi saa tano, kisha saa sita ina jina lake yenyewe. Asubuhi nayo, hasa kwa wazee, saa inayofuata baada ya kumi na mbili inaweza kuitwa moja. Baada ya usiku wa manane na baada ya adhuhuri tunaachana, maana wao huanza upya kuhesabu moja pale ambapo sisi tunaendelea na saba. Lakini tangu giza linapoingia hadi saa sita, Mswahili na Mthai wanasoma saa ileile. Sikuona ajabu sana nilipolitafakari, kwani mji ulio nyuzi zisizofika 14 kaskazini ya ikweta una usiku na mchana ambao haupishani sana, na mtu ana haki ya kuanza kuhesabu pale jua linapomuaga. Kilichonishangaza ni kwamba katika miongozo yote ya watalii tuliyoisoma kabla ya safari hapakuwa na mwandishi hata mmoja aliyelitaja jambo hili kama kitu cha kumrahisishia mgeni. Wote walililalamikia.

Hiyo ilikuwa Jumatano ya mwishoni mwa Novemba 2024, na tulikuwa na muda hadi Jumamosi usiku.

Ndugu zetu waliposikia neno Bangkok walijua tunafuata mzigo. Hakuna aliyeamini kwamba mwalimu na mke wake fundi cherehani wangeweza kuvunja kibubu cha miaka minne ili kwenda kutembea tu, na mabegi mgongoni kama Wazungu wa Kilimanjaro. Wifi yangu alinipa vipimo vya magauni. Hata kwenye uwanja wa Suvarnabhumi, baada ya dawati la afya ambako wasafiri kutoka nchi kama yetu hupeleka kwanza kadi ya manjano ya chanjo ya homa ya manjano, dereva wa teksi alitutazama juu hadi chini, akatabasamu na kusema neno moja tu: "Pratunam?" Pratunam ni soko kubwa la nguo za jumla, na Waafrika wengi wanaofika mji huu huelekea huko. Tulipomwambia Banglamphu, mtaa wa nyumba za wageni za bei nafuu karibu na barabara ya Khao San, aliuliza mara mbili.

Sababu yangu sikuwa nimemwambia mtu, hata mume wangu nilimwambia nusu. Mimi ni mtoto wa Tunduru. Katikati ya miaka ya 1990, mawe ya vito yalipoonekana kwenye mito ya huko, wilaya yetu ya korosho iliamka siku moja ikiwa na wageni kutoka Sri Lanka na Thailand, waliokaa mbele ya vijimeza vyenye taa na mizani midogo, na marehemu mama yangu akawa muuza maandazi kwa wachimbaji wakati baba akawa dalali wa mawe. Jioni aliporudi nilikuwa nikimuuliza jiwe la leo limekwenda wapi. Jibu lilikuwa lilelile kila mara: Bangkok. Nililijua neno hilo kabla sijaujua mji mkuu wa Kenya, na kwa miaka mingi nilidhani ni jina la shimo.

Alhamisi tulianza na Kasri Kuu, kama ratiba ya daftari ilivyoamuru. Wathai wenyewe huuita mji wao Krung Thep, ambalo ni tone tu la jina rasmi lenye urefu wa aya nzima, na kasri ndiyo mwanzo wake: mfalme Rama wa Kwanza alihamishia makao yake upande huu wa mashariki wa mto Chao Phraya mwaka 1782, akajenga kasri na hekalu lake ndani ya ukuta mmoja. Tulifika ukutani saa nne asubuhi. Kabla hatujaliona lango, bwana mmoja aliyevaa shati lililopigwa pasi vizuri na kadi shingoni alitusimamisha kwa heshima, akatupa pole kwamba leo asubuhi pamefungwa kwa ibada hadi saa nane, akatuchorea ramani ya mahekalu mengine mawili na duka moja ambalo, kwa bahati yetu, lilikuwa na punguzo la serikali linaloisha siku hiyohiyo. Bajaji ilikuwa pale pale ikisubiri. Huku wanaiita tuk-tuk, ni pana kuliko ya kwetu na ina taa za harusi. Nauli ya kuzunguka kote: baht 20.

Wakati huo baht moja ilikuwa shilingi sabini na kitu za Tanzania. Nataka msomaji apige hesabu mwenyewe, halafu aniulize mimi, niliyekulia kwa dalali, nilikuwa nafikiria nini nilipopanda bajaji ya mji mkubwa inayokubali kuzunguka sehemu tatu kwa shilingi elfu moja na mia tano. Nilifurahia urahisi. Mume wangu alisita. Mimi ndiye niliyemvuta mkono.

Dukani palikuwa na kiyoyozi na maji baridi, na binti mwenye sauti laini alitutandikia kitambaa cheupe chenye mawe ya buluu, akisema ni yakuti safi ambayo tungeiuza nyumbani kwa bei maradufu. Niliomba lenzi. Alinipa bila wasiwasi, nadhani kwa sababu watu wengi wakipewa lenzi hutazama uzuri. Baba alikuwa amenifundisha kitu kimoja tu nikiwa na miaka kumi, tukiwa tumekaa barazani na kibano chake: jiwe lililokulia ardhini, likiwa na mistari ndani, mistari hiyo huenda moja kwa moja na kukunja kona, lakini jiwe lililopikwa kiwandani kwa kudondoshewa unga kwenye moto lina mistari ya kupinda, kama ya santuri. Nililigeuza lile jiwe kwenye taa. Santuri kabisa.

Nilimrudishia, nikasema ahsante. Aliuliza tunatoka wapi, nami badala ya kusema Tanzania nikajikuta nimesema Tunduru. Nyuma ya kaunta alikuwepo mzee aliyekuwa anasoma gazeti muda wote, na hapo aliinua kichwa. "Songea," alisema taratibu, kama mtu anayelikumbuka jina la rafiki wa zamani, kwa maana katika biashara ya mawe jina la Songea limezoeleka kwa mawe ya kusini yetu yote. Kisha alisema neno moja kwa binti, naye akakunja kitambaa chake. Hatukubembelezwa tena. Bajaji ilikuwa imeondoka.

Tulirudi kasri kwa miguu, tukafika saa nane kasorobo, na mlinzi wa lango alithibitisha kwamba palikuwa wazi tangu saa mbili na nusu asubuhi, kama siku nyingine zote, na kwamba tiketi zinasitishwa saa tisa na nusu. Saa karibu nne zilikuwa zimeibwa katika ziara ambayo ilihesabiwa kwa saa. Juu ya hayo, mume wangu alizuiwa kwa sababu ya kaptula yake, akalazimika kununua suruali pana yenye picha za tembo kwa baht 150 kutoka kwa mama aliyeketi nje ya lango akiwangoja watu wa aina yake. Dera langu na khanga havikuulizwa swali.

Ndani, dhahabu inaumiza macho. Tiketi ya mgeni ni baht 500, na watu wanasukumana kama kwenye mwendokasi saa kumi na moja jioni, lakini ukiingia katika hekalu la Buddha wa Zumaridi na kuketi sakafuni, miguu ikiwa imeelekezwa nyuma ili nyayo zisimkabili, panatulia. Sanamu yenyewe ni ndogo kuliko nilivyotarajia, ina urefu wa sentimita 66 hivi, imekaa juu kabisa ya kiti kirefu, na hubadilishiwa mavazi ya dhahabu mara tatu kwa mwaka kulingana na majira: joto, mvua na baridi. Na si zumaridi. Ni jiwe la kijani la namna nyingine, linaelezwa kuwa la jamii ya jedi, na jina la zumaridi lilitokana na rangi tu. Nilijikuta nacheka peke yangu mahali pasipofaa kucheka. Asubuhi nilikuwa nimekataa jiwe kwa sababu halikuwa lile lililotajwa, na alasiri nimekaa kwa adabu mbele ya jiwe lisilo lile lililotajwa, ambalo wafalme wamepiganiana na kulihamisha kutoka nchi hadi nchi, wala thamani yake haijapungua hata chembe.

Ijumaa niliomba daftari lifungwe. Tulipanda boti ya mfereji wa Saen Saep, ambayo ningependa kila mtu wa Dar es Salaam aione kabla hajafa. Ni daladala la majini. Linakuja kwa kasi, linagusa gati kwa sekunde chache, unaruka ndani. Makonda wamevaa helmeti na wanatembea nje ya boti, juu ya ukingo mwembamba kama mkono, wakishika kamba kwa mkono mmoja na kukusanya nauli kwa mwingine. Abiria wa pembeni wana wajibu wa kuvuta turubai juu kila boti nyingine inapopita, kwa sababu maji ya mfereji huo hayafai kuguswa na uso wa mtu, na ukizembea utatazamwa na watu arobaini. Zamani mji huu ulikuwa wa mifereji kama hii kila upande. Barabara ya Charoen Krung, ya kwanza ya mtindo wa kisasa, ilijengwa tu katika miaka ya 1860, na tangu hapo mifereji mingi imefukiwa ili magari yapite. Mvua kubwa ikinyesha, maji hukumbuka njia zake. Mtu wa Jangwani ya Dar es Salaam hahitaji kuelezwa zaidi.

Kabla ya Pratunam boti inapita pembeni mwa Ban Krua, mtaa wa Waislamu wa asili ya Kicham, ambao wahenga wao walipewa ardhi hiyo na Rama wa Kwanza kwa kumpigania vitani, na ambao baadaye walijulikana kwa kufuma hariri. Pratunam tulishuka kwa ajili ya magauni ya wifi, maana undugu ni undugu, tukasikia Kiswahili cha Kariakoo kikipandisha na kushusha bei kwenye ngazi za umeme, tukasalimiana na akina dada wawili wenye viroba vikubwa kuliko wao. Walituuliza tunachukua nini. Tulipojibu kwamba tunatembea tu, mmoja alisema, "Hongereni," kwa sauti ya mtu anayetoa pole.

Adhuhuri tulifika msikiti wa Haroon, uliojificha katika vichochoro vya Bang Rak nyuma ya jengo la zamani la forodha, karibu na mto. Mume wangu aliswali Ijumaa. Mimi nilikula mchuzi wa nyama wenye tui zito na harufu ya mchaichai, kwa mama aliyenisalimia "salaam alaikum" na kuniongezea wali bila kuuliza. Waliotoka msikitini walikuwa Wathai, watu wenye sura za Kihindi na za Kiburma, na Waafrika wa Magharibi wenye kanzu zilizopigwa pasi kali. Kundi la hao wa mwisho lilielekea upande mmoja, nami nikamwambia Baba Rehema: tuwafuate.

Walitufikisha mtaa wa Mahesak, unaochepuka kutoka Silom. Hakuna mwongozo unaompeleka mtu huko, wala si mtaa mzuri: maduka membamba, vioo, nyaya za umeme zilizofungana kama nywele zisizosukwa. Lakini nilisimama pale kana kwamba nimefika makaburi ya ukoo wetu. Kwenye kila meza palikuwa na taa ileile, mizani ileile, kibano kilekile, na karatasi nyeupe iliyokunjwa mara tano kwa mkunjo ambao mikono yangu inaujua. Mawe yanafika hapa yakitoka Msumbiji, Madagaska, Sri Lanka na kwetu. Yanachomwa kwa ustadi ambao Wathai wamesifika kwao ulimwenguni kote ili rangi ifunguke, yanakatwa, yanang'arishwa, na yanapoondoka yanaitwa mawe ya Bangkok. Tanzanaiti pia ilikuwepo, trei nzima, buluu ya kuelekea zambarau, jiwe lililogunduliwa Mererani mwaka 1967 na lisilochimbwa popote pengine duniani. Sikukasirika, ingawa nilikuwa nimejiandaa. Niliwatazama wale vijana wa kukata wakiinama juu ya gurudumu, shingo zimepinda, nikaona kazi inayohitaji miaka kuijua, na swali lililonijia lilikuwa kwa nini miaka thelathini iliyopita hakuna aliyefungua gurudumu moja pale Tunduru, barazani kwa baba.

Kwenye duka la pembeni palikuwa na yakuti moja ndogo, buluu iliyokolea kama wino, na mwenye duka alipoona nimeikazia macho alisema lile neno: Songea. Karati moja na kidogo. Baht elfu kumi na nane. Nilitazama kwenye lenzi. Mistari ilikuwa imenyooka na ina kona. Siwezi kudai lilipita mikononi mwa mtu ninayemjua. Nililirudisha kwenye karatasi yake, nikaikunja mimi mwenyewe, na yule bwana akautazama mkunjo halafu akanitazama mimi.

Jioni tulipumzika katika bustani ya Lumphini, vituo vichache tu vya treni kutoka hapo. Kenge wanatembea majanini humo kama mbuzi wa kijijini, wengine warefu kumshinda mtoto, na wakimbiaji wanawakwepa bila kupunguza mwendo. Niligundua baadaye kwamba jina la mnyama huyo kwa Kithai ni tusi zito, na hapo nilihisi kwamba mataifa yetu mawili yameelewana kwa kina kuliko mabalozi wanavyojua. Ilipotimu saa kumi na mbili kamili vipaza sauti viliwaka, wimbo wa taifa ukapigwa, na bustani nzima ikasimama: wakimbiaji, wazee wa mazoezi, muuza maji. Hufanyika kila siku saa mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni. Kenge peke yao ndio walioendelea na safari.

Jumamosi tulikuwa na muda wa jambo moja. Tulivuka mto kwa baht 5 kwenda Wat Arun, mnara mrefu wa hekalu ambao kwa mbali unaonekana kama umechongwa, na ukiukaribia unaona umevikwa vipande vya vyungu vya kaure vya Kichina, maua yaliyotengenezwa kwa sahani zilizovunjika. Inasemekana kaure hizo zilikuja matumboni mwa majahazi kama uzito wa kuyatuliza baharini. Mume wangu, ambaye huwapeleka wanafunzi wake Kunduchi kila mwaka kutazama makaburi ya kale yaliyopachikwa sahani za Kichina, hakusema kitu kwa muda mrefu. Hatimaye alifungua daftari, si kwa ratiba bali kuchora namna kipande kilivyokaa kwenye chokaa.

Ndege yetu ilikuwa ya usiku wa manane, na gari la kutupeleka lilipangwa kuja song thum. Tuliketi jikoni kwa mama mwenye nyumba, mabegi yakiwa yamefungwa, viatu vikisubiri mlangoni, nikampigia baba simu. Kwake ilikuwa saa tisa alasiri. Nilimwambia nimeuona mtaa, nikamweleza mizani, taa na mkunjo wa karatasi, nikamweleza yule kijana wa kukata. Alinisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza, jambo ambalo si kawaida yake.

"Umesema buluu ya wino," alisema. "Karati moja na kidogo."

"Ndiyo, baba."

"Wanauza ngapi?"

Nilimtajia kwa shilingi. Nilisikia kuku wa jirani, na pikipiki ikipita nje ya nyumba yetu, na baba akihesabu kwa kunong'ona kama alivyokuwa akihesabu zamani.

"Yule Mthai alinipa elfu arobaini," alisema. Kisha akauliza huko ni saa ngapi, nikamwambia saa moja usiku, na mama mwenye nyumba, aliyekuwa amesimama karibu na jiko akiwa na upawa mkononi, akaniinulia kidole kimoja.